Maziwa ya Shimo la Saba

Mashine ile ilikuja ndani ya kontena kutoka ng'ambo, imeshatumika huko ikachokwa, na sisi tulioamriwa kuifungua tulidhani ni kitanda cha hospitali kilichokatwa miguu. Ilikuwa bapa, ya chuma, rangi ya machungwa iliyobabuka, na chini yake magurudumu madogo manane. Meneja alisimama kando na karatasi za maelezo akituambia tuishike kama yai. Kufikia saa sita mchana wenzangu walikuwa wameshaipa jina: Kobe.

Mimi nilikuwa nyapara wa wapanga mizigo katika ghala moja la Eneo la Viwanda, Nairobi. Tulikuwa watu ishirini. Nilizaliwa Kaloleni, mtoto wa mfanyakazi wa reli, na miaka hiyo ya tisini nilikuwa bado naishi Kaloleni na mke wangu na watoto wanne, nikivuka reli kwa miguu kila asubuhi kwenda kazini. Kazi yenyewe ilitaka mgongo na kumbukumbu. Katoni zikija unazipanga juu ya paleti, zile fremu za mbao za kubebea mizigo, unapandisha lundo mpaka karibu na mabati, na kichwani unajua kila kitu kiko wapi na kilifika lini. Nilijivunia kichwa changu. Nilikuwa na kiburi cha mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali la ghala akakosa jibu, na sitaki kujifanya sasa kwamba sikuwa nacho.

Ghala letu lilikuwa na milango miwili. Mmoja ulitazama reli, wa pili ulitazama barabara. Mizigo iliingia kwa mlango wa reli, ikasogezwa mbele kidogo kidogo, ikatokea kwa mlango wa barabara, kwa hiyo kilichotangulia kuingia ndicho kilichotangulia kutoka bila mtu kuumiza kichwa. Mara moja kwa mwaka tulitoa kila kitu nje tukafagia. Wakati wa kurudisha nilisimama mlangoni nikapiga kelele, "Za zamani kwanza!" na vijana wakaingiza mizigo ya zamani kwanza, iende ikakae kule mbele karibu na barabara. Miaka kumi na miwili nilipiga kelele hiyo. Mke wangu alikuwa akinitania kwayo kila alipopasha ugali wa jana.

Kisha mizigo ya reli ikaisha, kila kitu kikawa kinakuja kwa lori, na mwenye ghala akaamua kuziba mlango wa reli kwa mawe na kuleta Kobe. Walijenga reki, yaani rafu za chuma, kutoka ukuta hadi ukuta, orofa tatu, hakuna hata ujia wa kupita mtu katikati. Badala ya ujia kulikuwa na njia ndefu zilizoingia ndani, kila moja ikimeza paleti kumi na mbili, moja nyuma ya nyingine. Sisi tuliziita mashimo. Foklifti, gari la kunyanyulia mizigo, ililaza paleti mdomoni mwa shimo, Kobe akajipenyeza chini yake, akaiinua kidogo, akaenda nayo gizani mpaka mwisho, akaitua na kurudi mwenyewe. Aliyemwongoza alikuwa mtu mmoja aliyesimama nje na rimoti mkononi. Meneja alitueleza kwa furaha kwamba ghala sasa lingebeba karibu mara mbili, kwa sababu nafasi ya mtu kupita ni nafasi iliyopotea.

Watu ishirini tukawa wa kubaki sita. Niliambiwa mimi, nyapara, niandike majina.

Niliandika. Jina langu lilikuwa la kwanza na la shemeji yangu la pili. Shemeji huyu alikuwa ameoa dada yangu mdogo. Kwao ni upande wa Murang'a, kwetu ni magharibi, na ndoa hiyo ilikuwa imezua maneno pande zote mbili mpaka watoto walipozaliwa na maneno yakaisha. Yeye na dada yangu walikaa nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alikuwa mtu wa mzaha, mikono myepesi, na mashine zilimpenda. Ndani ya wiki moja alikuwa akimzungusha Kobe huku akipiga mluzi. Wale kumi na wanne niliowaacha walikuwa na watoto pia. Mke wa mmoja wao aliacha kumsalimu mke wangu pale bombani, na sikuweza kumlaumu.

Siku ya kuhamisha mizigo kuingia kwenye reki mpya, meneja alituambia neno moja akalirudia mara mbili: mashine haikosei, kitu kikiharibika ni mtu, na mtu huyo hatamaliza wiki. Hakuhitaji kutuonyesha langoni. Kila asubuhi palikuwa na wanaume wamesimama pale wakingoja kibarua, na baadhi yao walikuwa wale wa orodha yangu.

Tulianza kazi. Mimi nilikuwa nimejifunza foklifti, shemeji alikuwa na rimoti. Tulipofika kwenye maziwa ya unga ya watoto wachanga, paleti tano za zamani na saba mpya, za kwenda shimo la saba, orofa ya chini kabisa, mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Za zamani kwanza!"

Shemeji alishusha rimoti. "Shem, hii mlango ya nyuma si walifunga?"

"Wewe sukuma. Kwani umekuwa meneja?"

Wenzetu wakacheka, naye akacheka, akasukuma. Paleti tano za zamani zikaenda mpaka ukutani, mahali ulipokuwa mlango, na zile saba mpya zikazifuata zikazifungia ndani. Kila shimo lilikuwa na kadi iliyoning'inia mdomoni, na sheria ilikuwa kwamba mwenye rimoti ndiye anayeandika kilichoingia na kutia sahihi. Shemeji akaandika. Nami nikaenda kuleta sabuni.

Ningependa kusema nililala na wasiwasi siku hiyo. Sikuwa nao. Nilikuwa nimesikia alichosema na nikakipuuza kwa sababu alikuwa shemeji yangu, mdogo kwangu, na alikisema mbele ya watu.

Ilipita miezi mitano. Maziwa yalitoka mbele na mapya yakaingia mbele, na shimo la saba halikuwahi kupungua hadi nusu. Siku moja saa nne, wakati wa chai, niliegemea pale na kikombe changu, mandazi mdomoni, nikasoma ile kadi bila sababu yoyote. Nikaona mstari wa kwanza. Nikausoma tena. Nikakumbuka tarehe iliyopigwa kwenye katoni zile tano, maana kichwa changu kilikuwa bado kile kile. Zilikuwa zimebakiza wiki saba.

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema. Nikaketi juu ya foklifti na chai ikapoa mkononi. Maziwa ya watoto wachanga, paleti tano, yamelala ukutani yakingoja kuoza, na aliyeyalaza ni mimi. Katika ghala la zamani ningeita vijana kumi tukageuza lundo lote kabla ya chakula cha mchana. Sasa hapakuwa na pa kugeuzia. Kila shimo lilikuwa limejaa, meneja alikuwa amekodisha mengine kwa wafanyabiashara wa nje, na paleti ikitolewa ilikuwa haina pa kusimama ila njiani, ambako kila mtu angeiona na kuuliza. Na vijana hawakuwepo. Niliwafukuza kwa kalamu yangu.

Nilimweleza shemeji tukivuka reli jioni. Hakuniambia "nilikwambia." Alisema, "Jumamosi tunafunga saa saba. Meneja huwa anaenda. Askari wa lango ni mtu yetu. Tutoe hizo saba ya mbele, tuziweke uani, tutoe hizo tano, turudishe saba, tano zikae mdomoni. Masaa matatu, shem."

"Na meneja akijua?"

"Atajuaje?"

Nilimshika mkono pale relini. Nilimwambia, kwa mdomo huu, kwamba ikienda vibaya nitasema ni mimi. Akanipiga begani akasema niache kuongea kama mchungaji.

Jumamosi ya kwanza askari wetu hakuwa zamu. Ya pili meneja alikaa ofisini mpaka jioni. Wiki zilikwenda. Nilikuwa nakula bila kuonja, nawafokea watoto bila sababu, na mke wangu aliponiuliza nilimfokea pia. Isitoshe huo ndio mwaka mvua iligoma na umeme ukaanza kugawiwa kwa zamu, mtaa huu leo, mtaa ule kesho, na ghala letu lilikuwa likikatiwa asubuhi nzima. Kobe alitumia betri, na betri ilihitaji saa nyingi ukutani kujaa. Nilijua hilo. Siku ya Jumamosi ya sita umeme ulikuwa umerudi saa tano tu, na taa ya betri ilionyesha nusu. Shemeji aliitazama, akanitazama. Nikasema twende.

Zile saba zilitoka vizuri. Nilizibeba moja moja kwa foklifti nikazipanga uani chini ya jua, na kila nilipoteremsha moja moyo ulitulia kidogo. Kobe akaingia tena, safari ndefu sasa, mpaka karibu na ukuta. Akatoka na ya kwanza kati ya zile tano. Katoni zilikuwa na vumbi jembamba juu, basi. Nyingine hazikuwa na kasoro. Akatoka na ya pili. Shemeji alianza kupiga mluzi. Kobe akaingia kwa ya tatu, tukasikia anainua, tukasikia magurudumu yakizunguka kidogo, halafu hatukusikia kitu.

Shemeji alibonyeza rimoti. Akaisogeza karibu, akanyoosha mkono ndani ya shimo, akabonyeza tena.

"Amekufa," akasema.

Chini ya vyuma virefu ambavyo paleti hukalia palikuwa na nafasi ya kuingia mtu mwembamba kwa tumbo. Mimi nilikuwa mwembamba. Nilivua shati nikaingia. Sijui nilitambaa kwa muda gani. Chuma kilinichuna mgongo, vumbi lilinijaa puani, na mbele nilikuwa nikiona umbo la Kobe amebeba paleti yake juu kama mtu aliyeganda na mzigo kichwani. Nilimfikia. Nilishika ukingo wake nikavuta. Nikageuka nikasukuma kwa miguu. Uzito ule ulikuwa wa watu ishirini. Nililia mle ndani, kwa sauti, nikipiga chuma kwa ngumi na kumtukana, kumtukana mwenye ghala, na mimi mwenyewe zaidi ya wote. Kamba tuliyofunga kwenye foklifti ilikatika mara mbili.

Sauti ya shemeji ilikuja kutoka mdomoni mwa shimo, ya polepole, kama anaita mtoto.

"Toka, shem. Toka tu. Haiendi."

Tulizifunika zile paleti za uani kwa turubali, tukachomeka ukutani betri nyingine ya akiba ambayo tulijua ni mbovu, tukamwomba askari anyamaze. Jumapili niliketi kanisani na mgongo umenivimba chini ya koti, nikaomba mambo ya kipumbavu. Niliomba meneja augue.

Hakuugua. Jumatatu saa mbili na nusu alikuwa ameshalifunua turubali. Saa tatu mafundi walikuwa wamemvuta Kobe kwa winchi na mnyororo na katoni za ukutani zikaletwa mezani kwake. Zilikuwa zimebakiza siku kumi na moja, na duka gani lingeyapokea maziwa ya siku kumi na moja? Tuliitwa ofisini wawili, mimi na shemeji. Meneja alikuwa na ile kadi mkononi.

"Hii ni sahihi ya nani?"

"Ni yangu, bosi," shemeji akasema.

"Nani alisema za zamani ziingie kwanza?"

Hapa lazima nieleze jambo la kwetu. Siku shemeji alipokuja nyumbani kwetu magharibi na wazee wake kumwomba dada yangu, wazee wetu walimketisha wakamweleza sheria zetu za ukwe. Mojawapo ni kwamba ndugu ya mkeo hasemwi mbele za watu. Akikukosea unamfuata kwake, unamwambia mkiwa wawili. Mbele ya wageni unamfunika. Vijana wa kwetu wenyewe walikuwa wameshaisahau. Huyu mtu wa Murang'a aliipokea kama zawadi na aliishika kuliko sisi tuliozaliwa nayo. Kwa hiyo meneja alipouliza, shemeji alitazama sakafu. Hakutaka kujiokoa kwa jina langu. Alikuwa akiningoja mimi.

Nami nilijua kwamba hatasema. Nilijua vizuri sana, na niliegemea hapo.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimelitayarisha neno usiku kucha: ni mimi, bosi. Niliona watoto wanne. Niliona wale wa langoni. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Mimi nilikuwa upande wa foklifti, bosi."

Ilikuwa kweli, kila neno. Shemeji aliinua macho akanitazama, mara moja tu, na hakukuwa na hasira ndani yake. Ingekuwepo ningeweza kuivumilia. Kisha akatoa rimoti mfukoni, akaiweka mezani juu ya kadi, akasema, "Ni mimi, bosi. Nilisahau mlango ilifungwa."

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshatoka langoni na nguo zake za kazi ndani ya mfuko wa karatasi. Mimi nilikaripiwa kwa kutomsimamia, nikapewa kijana mpya wa kumfundisha rimoti. Jioni nilivuka reli peke yangu. Nilipita nyumba yao bila kubisha hodi. Nilipofika kwangu nilimweleza mke wangu yote, kwa sababu nilidhani nikisema litapungua, naye alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaendelea kukunja nguo.

Kazi haikupatikana. Shemeji alizunguka viwanda vyote ninavyovijua, na alikotakiwa barua ya sifa alikuta habari imemtangulia. Nyumba yao ya Kaloleni ilikuwa ya ndugu yake aliyeajiriwa na baraza la jiji, na huyo ndugu akaitaka. Mwezi wa pili walihamia Njiru, kwenye chumba cha mabati karibu na machimbo, na shemeji akaanza kuvunja mawe ya kujengea. Mtu wa mikono myepesi kama ile. Nilisikia kidole kimoja kilivunjika. Nilisikia, sikwenda.

Jumapili moja mchana, dada yangu alikuja. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia, viatu vyake vilisema hivyo, na kwapani alibeba kuku, jogoo mzima mweupe. Alikuwa amekonda. Alimsalimu mke wangu, akaomba kisu na sufuria, na hakukubali kusaidiwa. Alimchinja nje, akamnyonyoa, akampika kwenye jiko letu akiongea habari za watoto wake, nani amekua, nani ana kikohozi. Mimi niliketi kitini.

Alipopakua alinipigia goti na sahani, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia tangu aolewe. Juu ya ugali alikuwa ameweka firigisi, peke yake. Kwetu firigisi hupewa mwanamume aliyesimama kwa ajili ya nyumba.

"Kaka," akasema, "nilikuwa nimekukasirikia. Nilisema mbona huji. Sasa juzi ameniambia yote. Ameniambia vile ulimtetea kwa meneja, ukasema wewe ndiye mwenye makosa, mpaka wakataka kukufukuza pia, na yeye ndiye akakataza. Akasema huji kwa sababu unaona aibu ulishindwa kumwokoa." Alijifuta macho kwa kanga. "Akasema nije nikupikie. Kula."

Mke wangu alichukua karai akatoka nje kwenda bombani, ingawa ndani palikuwa na maji.

Nilimtazama dada yangu. Neno lilikuwa pale, lile lile la ofisini, maneno mawili tu. Alikuwa amepiga goti bado, ananingoja, na usoni mwake palikuwa na furaha ya kwanza niliyoiona kwa miezi. Nilichukua firigisi. Niliila yote, naye akinitazama, na nilipomaliza akaniuliza kama chumvi ilitosha.

Nikamwambia ilitosha.